Shangazi, wakiniambia sina baipola nitabaki na nini?

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 24, naishi Mwanza. Mchana nakaa kwenye kibanda cha uwakala wa pesa za simu, jioni namsaidia mama gengeni. Tangu baba afariki mwaka jana sijakaa sawa. Nalia hovyo, nagombana na mchumba kwa vitu vidogo, halafu baada ya saa moja nacheka. Nalala saa nane usiku, saa kumi na mbili naamka nimechoka kama sikulala. Hedhi nayo inakaa siku tisa, ila hilo si tatizo. Nimejiunga na kundi la Telegram la watu wenye baipola, ule ugonjwa wa akili wa hisia kupanda mno na kushuka mno. Nilipojieleza wakasema hii ndiyo yenyewe, nikajaza maswali yao nikapata alama za juu. Nililia kwa furaha, maana kwa mara ya kwanza nimeeleweka. Mama anasema ni simu tu, anataka anipeleke kwenye maombezi. Dada mmoja wa kundini amenitumia kwa basi vidonge vyake vya sodiamu valproate, sijaanza kumeza. Kuna siku naona bora nisingeamka. Hospitali naogopa, na siogopi dawa. Naogopa wakiniambia sina. Nitabaki na nini?*

Marahaba mwanangu.

Naanza na sentensi uliyoitupia mwishoni kana kwamba ni jambo dogo. Unasema kuna siku unaona bora usingeamka. Siku wazo hilo likianza kutafuta njia, ukajikuta unapanga namna au siku, usimwandikie mtu yeyote, hata mimi. Mwamshe mama, hata kama mmegombana, muende kitengo cha dharura usiku huohuo. Na hata likibaki hivyo lilivyo, ukifika kwa daktari liwe la kwanza kulisema, kwa maneno yaleyale uliyoniandikia.

Vidonge vya dada yule usivimeze. Sina shaka alikutumia kwa upendo, na kwa kukugawia huenda mwenyewe amepungukiwa. Lakini valproate ni dawa ya kifafa inayotumika pia kwa baipola, na mimba ikiingia wakati mwanamke anaitumia, mtoto anaweza kuzaliwa na kasoro ya uti wa mgongo au akachelewa kukua kiakili. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linashauri isiandikwe kwa wasichana na wanawake wanaoweza kupata mimba. Wewe una miaka 24 na una mchumba. Kundini kuna aliyekuuliza habari hizo?

Hata hivyo sitakuambia ujitoe, wala sikubaliani na mama kwamba tatizo ni simu tu. Tanzania ina watu zaidi ya milioni 60, na mabingwa wa magonjwa ya akili ni wachache mno; mtu wa wilayani anaweza kumaliza umri wake bila kukutana na mmoja. Nyumbani ukisema huna raha unaambiwa una mawazo, au unadeka, au umeacha kusali. Ukisisitiza unatishiwa Mirembe, kana kwamba hospitali ile ya Dodoma ilijengwa kwa ajili ya kutishia watu. Waliokosa pa kusemea wamejitengenezea pao, na usiku wa manane wanasikilizana wakati sisi wengine tumelala. Hilo nalithamini sana. Tena wapo waliotibiwa sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, kwa miaka kabla daktari yeyote hajagundua kuwa ni baipola, kwa hiyo siwezi kudai kwamba hospitali hawakosei.

Ila jaribu kukumbuka. Umewahi kuona mtu akijieleza mle ndani akajibiwa, "Hapana dada, hii haifanani na yetu, kapime kitu kingine"? Nadhani hujawahi. Anayeingia ameshahisi anayo, wanaompokea wanayo au wanaamini wanayo, na kumwambia hapana kungeonekana ni kumfukuza. Hawakukudanganya. Mahali pale pamekaa hivyo kwamba jibu ni moja tu. Yale maswali nayo mengi yametungwa na wataalamu, lakini kazi yake ni kumwonyesha mhudumu nani aitwe ndani akaulizwe zaidi. Mwenye msiba, asiyelala na mwenye upungufu wa damu, wote wanaweza kupata alama za juu. Na kama mnatumiana video fupi za afya ya akili, hizo ndizo za kuangalia kwa tahadhari zaidi: watafiti wa Kanada waliochapisha kazi yao mwaka 2022 walichukua video 100 za TikTok zilizopendwa sana kuhusu tatizo la umakini linaloitwa ADHD, wakakuta 52 zinapotosha.

Baipola huangaliwa kwa siku na wiki. Kipindi cha kupanda hudumu angalau wiki nzima, au siku 4 mfululizo kwa ile hali nyepesi. Mtu hulala kidogo sana akaamka ana nguvu tele, maneno yanamtoka mbio, anatumia pesa asizonazo, anaanzisha mambo matano kwa mpigo. Kushuka nako huchukua wiki 2 au zaidi. Wewe umeniandikia kulia na kucheka ndani ya saa moja, na kulala kidogo ukaamka umechoka. Sisemi huna. Nikisema hivyo kwa barua moja nitakuwa nimefanya walichofanya wao, na huenda kuna vipindi hukunieleza.

Lakini angalia uliyoyataja ukayapita. Baba amefariki, na tangu hapo umekuwa wa kibandani mchana na gengeni jioni. Nani alikaa nawe ukamlilia? Hedhi unasema si tatizo, kumbe inayozidi siku 7 inastahili kuangaliwa, kwa sababu damu ikipungua mtu huchoka, moyo humwenda mbio, hasira humjia upesi. Tezi ya shingoni ikilegea kazi humfanya mtu aonekane ana sonona, ikizidisha humfanya asitulie wala asilale. Haya mawili, upungufu wa damu na tezi, huanza kujulikana kwa kipimo cha damu. Na usingizi, mwanangu: mpaka saa nane usiku unafanya nini? Nahisi uko kundini. Basi kundi libaki, ila simu ilale chumbani kwa mama.

Uko Mwanza, karibu na huduma kuliko wengi wanaoniandikia. Sekou Toure ni hospitali ya rufaa ya mkoa, na Bugando, ya kanda, ina idara ya magonjwa ya akili. Nenda wiki hii. Mpaka siku hiyo andika kila jioni ulilala saa ngapi, ulikuwaje, kilichotokea nini, hedhi ikoje. Ukiingia usianze na "nina baipola". Daktari mwenye foleni ndefu atalikubali jina hilo au atalikataa, na kwa vyovyote hutasikilizwa vizuri. Mweleze yanayokupata. Mwishoni mwambie waziwazi kwamba umesoma kuhusu baipola na unataka kujua kama inawezekana. Akikudharau, omba kuonana na mwingine.

Nenda na mama. Daktari atataka kusikia kutoka kwa anayeishi nawe, na baipola mara nyingi hutembea katika ukoo. Mama ndiye anayejua kama kulikuwa na mjomba aliyeuza mashamba akagawa pesa, au bibi aliyekuwa akijifungia miezi, mambo ambayo wakati ule yalipewa sababu nyingine. Usibishane naye juu ya maombezi. Mwambie, "Mama, niombee, na Jumanne unisindikize." Na yeye amefiwa na mume.

Sasa swali lako. Hili ndilo limenikalia moyoni kuliko yote, kwa sababu naona umepata jina na ndugu kwa siku moja, na unaogopa kuvipoteza kwa siku moja. Wakikuambia huna, usiku uliolia unabaki kuwa kweli, na kuchoka kwako ni kweli. Utakuwa umeepushwa na dawa za miaka usizozihitaji, na bado utakuwa na jambo la kutibiwa. Msiba una washauri wa kuusikiliza, damu ina vidonge vya madini ya chuma, sonona ina tiba yake. Wakikuambia unayo, utapata dawa inayofaa umri wako na mtu wa kukufuatilia. Vyovyote itakavyokuwa, rudi kundini ukawaeleze walivyokuambia. Baadhi watakasirika, nakuambia mapema. Lakini mle ndani huenda yupo msichana mwingine ambaye hedhi yake inakaa siku tisa na hakuna aliyemuuliza.

Vile vidonge usivirudishe kwa basi wala usivitupe chooni. Vichukue siku hiyohiyo, mwonyeshe daktari, kisha mkabidhi mfamasia wa hospitali. Na dada aliyevituma mpigie simu, umuulize kama yeye amebakiwa na vya kutosha.