Maswali yenu kuhusu TV: hizo Hz mnazouziwa ni za kweli?

Wiki hii mmeniuliza TV tu, sijui nani kawatangazia mshahara umeongezwa. Kwa wageni: Hz ni mara ngapi skrini inachora picha upya ndani ya sekunde moja. TV ya 60Hz inachora mara 60, ya 120Hz mara 120, sasa twende.

Kaka nimeona TV ya inchi 50 Kariakoo, boksi limeandikwa Motion Rate 120, muuzaji anaapa ni 120Hz kabisa. Nilipie?

Usilipe kwanza. Motion Rate ni jina la biashara la Samsung, LG nao wana TruMotion, Sony wana Motionflow, na hizo namba zinachanganya paneli yenyewe (skrini halisi iliyomo ndani) na ujanja wa programu, kwa hiyo unakuta Motion Rate 120 ndani yake ni paneli ya 60 tu. Mimi mwenyewe niliwahi kuingizwa mjini hivo hivo, boksi lina namba kubwaa, nikapakia kwenye bajaji huku nimeikumbatia kama mtoto mchanga, nafika home nachomeka PS5, mashine yangu ya gemu, inaniambia 60. Duka hata silitaji, kosa langu, sikusoma.

Cha kufanya, piga picha namba ya modeli nyuma ya TV, siyo jina kubwa la mbele, ile ndefu yenye herufi na tarakimu, af ingia tovuti ya kampuni utafute neno "native", yani Hz halisi, au maelezo ya paneli. Na kuna ujanja mwingine siku hizi, TV ya paneli ya 60 inayopokea 120 kwenye gemu kwa kupunguza mistari ya picha nusu. Inasogea laini kweli ila picha inapungua ukali, so kama bei ni ya TV ya 60 sawa, kama anakuuzia bei ya 120 halisi mwachie mwenyewe.

Nina PS4, mwakani Mungu akipenda nachukua PS5. Ninunue TV ya 60 au 120?

PS4 kwenye TV inaishia 60, ukiiwekea TV ya 120 haitakushukuru. PS5 inafika 120 kwenye 4K (picha kali zaidi), ila siyo gemu zote. FC yenyewe, gemu la mpira unalocheza kila siku, inakimbia fremu 60, yani picha 60 kwa sekunde. Wanaofaidi 120 ni watu wa gemu za risasi kama Warzone na Fortnite, wale ambao nukta moja ya sekunde ni kufa au kuua.

Sema kuna kitu watu hawakiongelei. Gemu kadhaa nzito za PS5, mfano Horizon Forbidden West, zina modi ya fremu 40, na hiyo inataka TV ya 120 kwa sababu 40 inaingia mara tatu kamili ndani ya 120, kwenye 60 haigawanyiki. Unaweza ona 40 ni ndogo, lakini piga hesabu: fremu 30 kila moja inakaa milisekunde 33, fremu 60 inakaa karibu 17, fremu 40 inakaa 25, yani iko katikati kabisa, na picha inabaki kali. Kwa mtu wa gemu za stori hiyo ndo sababu kubwa ya kutafuta 120. Kama we ni FC na muvi tu, chukua 60 nzuri, chenji inayobaki nunua pedi ya pili.

Nina kibanda cha gemu Mwanza, TV nne, PS4 zote. Vijana wanalalamika wakibonyeza mchezaji anachelewa kupiga. Nibadilishe niweke za 120?

Mkuu usitupe hela! Shida yako siyo Hz, ni gemu modi haijawashwa. TV ikiwa kwenye picha ya kawaida inapokea fremu, inaipaka rangi, inailainisha, ndo inakuonyesha, na zipo zinazochelewa hadi milisekunde 100 na zaidi, hiyo ni fremu sita nzima za gemu, kipa keshadaka ndo mguu unainuka. Ukiwasha gemu modi huo upambe wote unazimwa. PS4 haina uwezo wa kuiambia TV ijiwashie yenyewe, so chukua rimoti uwashe kwa kila TV, kwenye HDMI (tundu la waya wa picha) ile ile iliyochomekwa PS4 yako, maana TV nyingi zinakumbuka setingi kwa kila tundu peke yake. Siku ukihamisha waya usije ukaniandikia tena.

Na ukija kuongeza TV usishawishike na OLED (skrini ambayo kila nukta inajiwashia mwanga wake) kwa kibanda. Ubao wa magoli unakaa pale pale kona ya juu kuanzia asubuhi mpaka usiku, baada ya muda unajichora kwenye skrini moja kwa moja, utakuwa unaangalia taarifa ya habari na matokeo ya jana juu yake.

Mume wangu kanunua TV mpya, kila muvi inaonekana kama tamthilia ya studio, watu wanateleza teleza. Imeharibika?

Haijaharibika dada, inajituma kupita kiasi. Muvi nyingi zinapigwa fremu 24 kwa sekunde, TV inaona chache, inatunga fremu za katikati yenyewe. Ingia setingi za picha uzime hiyo ya kulainisha mwendo, au kama ina Filmmaker Mode weka hapo na yote yanajizima. Tom Cruise mwenyewe alitoa video Desemba 2018 akiomba watu wazime hiyo kitu.

Hapa ndo 120 inasaidia muvi kihalali. 24 kwenye 60 haigawanyiki, fremu moja inaonyeshwa mara tatu inayofuata mara mbili, kamera ikizunguka taratibu unaona picha inadundadunda. Kwenye 120 kila fremu inapata mara tano sawasawa.

TV yangu ni 120 ya kweli, nimehakikisha, lakini PS5 inagoma kwenye 60. Nini?

Tundu. TV nyingi zina HDMI nne ila mbili tu ndo toleo la 2.1, lile linalopitisha 4K kwa 120, na mara nyingi moja kati ya hizo mbili ndo hiyo hiyo ya saundibaa. Angalia maandishi madogo pembeni ya tundu, 4K 120. Tumia waya uliokuja na PS5 yenyewe, ule wa king'amuzi cha zamani hauwezi. Af kwenye TV kuna setingi ya kufungua HDMI iwe na nguvu kamili, kila kampuni ina jina lake, inakuja imezimwa. Wenye Xbox Series X nyie mmerahisishiwa, kuna ukurasa wa maelezo ya 4K kwenye setingi za TV unakuwekea tiki kipi kinakubali kipi kinakataa.

Vipi 144Hz?

Una PC ya gemu? Kama huna, konsoli zote zinaishia 120.

Na mpira?

Matangazo yetu huku ni ya 50, TV ya 60 inajishusha yenyewe. Angalia mechi.