Saida kali si lazima iwe imeharibika

Swali la wiki: "Saida ya matufaha ya watengenezaji wadogo wa Uingereza inakausha mdomo na kunukia zizi. Ndivyo ilivyo, au nimeuziwa mbovu?"

Saida ni kileo cha juisi ya matufaha iliyochachushwa. Kwanza tutenganishe ukali. Uchachu hujaza mate, uchungu hung'ang'ania nyuma ya ulimi, na ukakasi si ladha hata kidogo: ni ile hali ya kula bibo au ndizi mbichi, mdomo ukakauka na ufizi ukakaza. Ukiukuta kwenye saida ya Somerset au Herefordshire, majimbo ya Uingereza, usimwage. Hiyo ni tanini, kemikali ya asili ya tunda inayokausha mdomo, na imetafutwa makusudi. Matufaha kama Dabinett na Yarlington Mill hupandwa kwa ajili ya pipa, si sahani ya matunda. Mwaka 1903 B.T.P. Barker wa kituo cha utafiti cha Long Ashton, karibu na Bristol, aliyapanga kwa vipimo: juisi yenye tanini zaidi ya gramu 2 kwa lita ni chungu-tamu ikiwa asidi iko chini ya gramu 4.5, na chungu-chachu ikizidi hapo.

Toa chupa kwenye friji nusu saa kabla, ifike nyuzi 10 hadi 12. Baridi kali huficha harufu na kuzidisha ukakasi, kisha watu humlaumu mtengenezaji. Yenye mashapo isimamishwe wima tangu jana yake. Mimina taratibu na uache kidole kimoja chini. Tumia glasi ya mvinyo, theluthi tu. Nusa kabla ya kuitikisa, kisha nusa tena. Piga funda, lizungushe hadi kwenye ufizi, meza, halafu hesabu hadi 20 kabla ya kutoa hukumu.

Hizo sekunde 20 ni za kumsubiri panya. Kasoro hii, iitwayo panya, haisikiki puani kwa sababu saida ina asidi. Mate yanapopunguza asidi hiyo ndipo harufu ya kizimba cha panya inapopanda kutoka kooni. Ukishuku, tia chembe za baikaboneti ya soda, ile ya kuokea keki, kwenye saida kidogo, koroga, nusa. Wapo wasioihisi kabisa, kwa hiyo mwonjeshe na mwenzako.

Harufu ya zizi ni jambo la kiasi. Dokezo la ngozi au karafuu linakubalika. Likilifunika tufaha, ni kasoro. Yai viza hutokana na hamira iliyokosa lishe, na mara nyingi hupotea ukizungusha glasi dakika chache. Harufu ya rangi ya kucha haitoki. Siki maana yake hewa iliingia pipani.

Ila hata siki ina kwao. Saida ya Asturias, Hispania, huwa na uchachu wa aina hiyo, ndiyo maana wenyeji huimimina mkono ukiwa juu ya kichwa, ipige ukingo wa glasi pana na kuamsha gesi kidogo iliyomo. Humiminwa kiasi cha funda kubwa, hunywewa papo hapo, na tone la mwisho humwagwa kusuuza pale midomo ilipogusa, maana glasi hupokezanwa. Usiige hivyo kwa chupa ya Normandy, Ufaransa, yenye kizibo kilichofungwa kwa waya: utaipotezea gesi iliyohifadhiwa kwa miezi, na sakafu itanywa kuliko wewe.