Jifunze na pale usipopiga

Wiki iliyopita nilipata ujumbe kutoka kwa binti mmoja wa Mombasa. "Shikamoo dada. Nimechaguliwa kupiga fidla mbele ya okestra ya vijana Nairobi mwezi wa nane, ile koncheto ya Mozart namba tatu. Noti zote ninazo kichwani. Sasa nini kimebaki? Na je, nivae viatu vya kisigino?"

Hapo pa "noti zote ninazo" nilicheka peke yangu kama mwehu. Na mimi nilikuwa nazo zote, mdogo wangu, na nikaaibika vilevile mbele ya watu hamsini.

Nilikuwa mwaka wa pili wa masomo Ujerumani, nimepewa nafasi ya kupiga ile koncheto ya fidla ya Mendelssohn, yaani muziki mrefu wa fidla moja mbele na okestra nyuma yake, pamoja na okestra ya wanafunzi. Miezi sita nilijifungia nayo chumbani, na mara moja kwa wiki nilikutana na mpiga piano aliyeshika nafasi ya okestra nzima. Kila tulipomaliza sehemu ya kwanza tulisimama. Yeye anageuza karatasi, mimi nakunywa maji, tunaulizana habari, kisha tunaendelea na sehemu ya pili. Kumbe Mendelssohn hakuweka kituo pale. Okestra inapomaliza kwa kishindo, basuni moja, ile ala ya kupuliza yenye sauti nzito, haimalizi. Inabaki imeishikilia noti yake, peke yake, na sehemu ya pili inachipuka kutoka humohumo.

Siku ya mazoezi ya kwanza na okestra nikateremsha fidla, nikageuka kutafuta chupa yangu. Nyuma kuna kitu kinalia buuu. Nikadhani ni mtu anajipimia sauti ya ala yake. Nikafungua kizibo. Basuni ikapanda kidogo, ala za nyuzi zikaingia taratibu, na nilipoinua macho nikamkuta mwongozaji ananitazama, fimbo yake inaendelea kwenda, na mimi chupa iko mdomoni.

(Nasema mwongozaji makusudi. Siku nilipomwambia mama kwa simu kwamba kondakta amenisema, aliuliza kwanza kama nilikuwa sijalipa nauli.)

Baadaye nilisoma kwamba Mendelssohn alimwandikia rafiki yake, mpiga fidla Ferdinand David, mwaka 1838, kwamba mwanzo wa koncheto hiyo unazunguka kichwani mwake na haumpi raha. Aliimaliza mwaka 1844, na David akaipiga kwa mara ya kwanza Leipzig mwezi Machi 1845. Mtu kafikiri miaka sita kila ala ifanye nini, mimi sikutoa hata jioni moja kusoma mstari wa basuni.

Siku hiyohiyo nilikosea tena, na kosa hili ndilo lililonifunza zaidi. Koncheto nyingi huweka kadenza, pale mpiga fidla anapoachwa peke yake, karibu na mwisho wa sehemu ya kwanza. Mendelssohn aliiweka katikati. Inapokaribia kwisha, upinde unarukaruka juu ya nyuzi zote nne, haraka haraka, na chini ya huo mruko okestra inarudi kimyakimya na ule wimbo wa mwanzo. Mimi nilikuwa nimefanya mazoezi ya mruko huo hadi ukawa kama cherehani. Nikaondoka nao mbio. Filimbi na oboi, ala nyingine ya kupuliza, wakaingia na wimbo wao, wakaniona niko ng'ambo. Tukavunjika. Mwongozaji akasimamisha watu, akaniambia bila hasira: "Hapo wimbo ni wao. Wewe ndiye unayewasindikiza."

Iliniuma kwa sababu mtoto wa Unguja hakupaswa kuambiwa hivyo. Fidla niliianza kwenye taarabu. Pale Mji Mkongwe, fidla, kanuni, akodiani na nai hushika wimbo mmoja pamoja, mwimbaji akinyamaza sisi tunajibu, akirudi tunashuka chini yake. Maalim wangu wa kwanza hakunipa karatasi. Alinikalisha nyuma ya wapigaji wakubwa mwezi mzima, fidla imo ndani ya sanduku, ananiambia sikiliza shairi, mwanangu, vidole vitakuja. Kisha nikaenda Ulaya, nikapewa chumba kidogo chenye kioo na ufunguo wangu mwenyewe, na kwa miaka miwili ya kukaa humo saa nne kwa siku nikayasahau yote.

Kwa hiyo, binti wa Mombasa, kama una miezi miwili mbele yako, kwanza punguza kurudia zile noti ngumu. Unazijua. Tafuta noti za mwongozaji, yaani zile zenye mistari ya ala zote kwa pamoja. Hazikugharimu kitu. Muziki wa Mozart na Mendelssohn hauna tena hakimiliki, na tovuti ya IMSLP, iliyoanza mwaka 2006, inakuwekea bure. Kwenye simu maandishi ni madogo mno, bora uchapishe hata kama ni sehemu ya kwanza tu.

Sasa mimi hufanya hivi. Wiki ya kwanza fidla inapumzika. Nasikiliza rekodi, kalamu ya risasi mkononi, na juu ya kila pumziko katika karatasi yangu naandika ninachosikia: "oboi wanauliza", "besi zinashuka", "kimya cha wote". Nayaimba hayo kwa mdomo nikiosha vyombo. Halafu namwomba ninayeishi naye aweke rekodi popote pale, katikati ya popote, na mimi niseme tuko wapi kabla hajahesabu tatu. Mwanzoni alifurahia mchezo huo. Mwezi wa pili alianza kutoka nje akiniona nashika simu.

Mozart wako namba tatu, aliyoiandika Salzburg mwaka 1775 akiwa na miaka 19, imejaa mitego ya namna hii. Okestra inapiga zaidi ya dakika moja kabla yako. Dakika hiyo, umesimama mbele ya ukumbi na mikono haina kazi, ni ndefu kama foleni ya kivuko cha Likoni. Mpigaji asiyejua kinachopigwa hapo huanza kujifikiria yeye, na akishajifikiria vidole vinapoa. Zamani za Mozart mpiga fidla wa mbele alikuwa akipiga pamoja na fidla za kwanza kwenye vipande hivyo vya okestra. Muulize mwongozaji wako kama ataruhusu. Mimi niliruhusiwa nilipopiga koncheto hiyohiyo mwaka uliofuata, na nilipofika kwenye sehemu yangu nilikuwa tayari nimo ndani ya muziki.

Sehemu ya pili sikiliza sauti itakavyobadilika: Mozart aliwatoa oboi akaweka filimbi, na ala za nyuzi zinafifishwa sauti. Ukiingia na ule upinde mzito wa sehemu ya kwanza utasikika kama mtu anayepiga hodi usiku wa manane. Na mwisho wa sehemu ya tatu, tafadhali, usiteremshe fidla. Umemaliza wewe, muziki haujaisha. Ala za kupuliza ndizo zinazofunga, kwa upole, karibu kama utani. Nimeona mpigaji mzuri sana anaanza kutabasamu na kuinama, watu wakapiga makofi, na wale oboi maskini wakafunga mambo yao ndani ya kelele. Bakia ulivyo, wasikilize mpaka wamalize.

Kuhusu kadenza: za Mozart mwenyewe kwa koncheto hizi za fidla hazipo, kwa hiyo lazima unapiga ya mtu mwingine au uliyotunga. Mpe mwongozaji nakala yake. Usimwambie tu "ataniona nikimaliza". Kadenza huishia kwenye noti mbili zinazotetemeshwa kwa haraka, na okestra huingia mara tu unapotua, na kutua huko kila mtu ana namna yake. Mwonyeshe ya kwako siku moja kabla, mkiwa wawili, chumba chochote, hata ukumbini kwenye ngazi. Nusu saa hiyo ina faida kuliko zoezi zima, kwa sababu hapo ndipo mnakubaliana mwendo bila aibu ya watu.

Maana mazoezi na okestra ni machache, na hili huwashtua wengi. Umehangaika miezi sita, unapewa mazoezi mawili, matatu ukibahatika, moja likiwa siku yenyewe ya tamasha. Hakuna muda wa kuanza mwanzo kila mkikosea. Mwongozaji atasema "kuanzia herufi D", yaani moja ya zile herufi zilizowekwa juu ya noti kama alama za njiani, na sekunde mbili baadaye watu wanapiga. Ukikariri wimbo mzima kama Kurani ya mtoto wa chuoni, ambaye akikatizwa hurudi mwanzo wa sura, umekwisha. Chukua herufi zote zilizomo kwenye noti, ziandike kwenye vikaratasi, zitie kwenye kikombe, toa moja, anza hapo. Na ukipotea usiku wa tamasha usirudi nyuma kukitafuta ulichokiacha. Ruka mbele, herufi inayofuata, mtazame kiongozi wa fidla, yule wa kiti cha kwanza, nao watakupokea.

Mtazame, nasema, kwa sababu masikio yatakudanganya. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Mpiga besi aliye mita kumi nyuma yako anakufikia amechelewa karibu sehemu tatu kati ya mia za sekunde, kitu kidogo, lakini ukimfuata yeye kwa sikio, na yeye akakufuata wewe, wimbo mzima unaanza kuburuta miguu. Shika upinde wa kiongozi wa fidla kwa jicho moja na fimbo ya mwongozaji kwa la pili. Ndiyo maana usisimame mbele sana ukawapa wote mgongo.

Suala la sauti kuwa ndogo usilihangaikie kwa kukandamiza upinde. Sogeza upinde karibu na daraja la fidla, kile kibao kinachoinua nyuzi, na uende polepole. Basi.

Sasa safari. Fidla ni mbao, na wewe unaitoa Mombasa penye unyevu unaipeleka Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa kavu. Vigingi vya kukazia nyuzi vilivyokuwa vimevimba vikaganda pwani vitanywea huko, na vitateleza katikati ya wimbo. Mimi nilikutana na hilo majira ya baridi Ujerumani, chumba kina hita, uzi wa G ukaachia wote mara moja kama kamba ya nguo. Fika siku mbili kabla ukiweza. Kwenye treni ikae nawe, usiipeleke kwenye mizigo. Chaki kidogo kwenye kigingi husaidia kisiteleze. Uliza pia okestra yao inapima noti ya A kwa mitetemo mingapi kwa sekunde. Kuna wanaokaa 440, na Ujerumani nilizoea 442 na 443. Tofauti hiyo vidole vyako vitaijua kabla hujajua wewe.

Nyuzi mpya zitie wiki moja kabla, usizitie asubuhi ya tamasha, na uzi wa E wa zamani uliokwisha nyooka uweke akiba. Lakini akiba haitakusaidia ukikatikiwa katikati ya sehemu. Mwaka 1986 huko Tanglewood, Marekani, mpiga fidla Midori alikuwa na miaka 14, anapiga Serenade, muziki uliotungwa na Leonard Bernstein, naye Bernstein ndiye anayeongoza. Uzi wa E ukakatika. Akachukua fidla ya kiongozi wa fidla, akaendelea. Ukakatika na huo. Akapewa fidla ya msaidizi wake, akamaliza nayo. Watu husimulia kisa hicho kwa ajili ya ushujaa wake, na kweli alistahili. Mimi hufikiria wale wawili walionyoosha mikono bila kuulizwa. Kwa hiyo siku ya mazoezi ya kwanza nenda kwa kiongozi wa fidla, msalimie vizuri, jitambulishe, kisha mwulize wazi: ikitokea, nichukue yako? Atacheka, atasema ndiyo, na kuanzia hapo mnajuana.

Mtandio hukuuliza, ila nitakujibu kwa kuwa hakuna kitabu kilichoniambia. Hariri huteleza baina ya taya na fidla. Vaa pamba, pini iwe nyuma ya sikio la kulia isiguse mbao, na upande wa kushoto kitambaa kiwe tabaka moja tu. Fanya mazoezi nao mwezi mzima, maana shingo itaikuta fidla imepanda kidogo.

Viatu: bapa. Na uvae nyumbani kwanza, visije vikalia ukumbini wakati basuni ya mtu inashikilia noti yake.