Klachi inayotoa moshi: angalia spoketi ya nyuma kwanza

Ndugu, umesema injini ya gokati yako (kigari kidogo cha mbio) inazunguka hadi mara 3,600 kwa dakika, spoketi ya mbele, yaani gurudumu la meno linaloshika cheni, ina meno 12, ya nyuma 48, na klachi inatoa moshi ukiondoka. Usibadilishe klachi bado. Tatizo ni uwiano wa meno ya spoketi hizo mbili.

Gawanya 48 kwa 12, unapata 4. Injini ikifika mwisho, ekseli inazunguka mara 900 kwa dakika. Tairi la kipenyo cha sentimita 33 husogea takriban mita 1.04 kwa kila mzunguko, kwa hiyo unalenga kilomita 56 kwa saa. Kwa gokati ya injini ndogo isiyo na gia, hiyo ni mbio nyingi mno. Klachi ya gokati kama hii hushika kwa nguvu ya mzunguko, yaani injini ikizunguka kasi ndipo inashika. Injini ikilemewa mizunguko yake haipandi haraka, klachi inateleza, na kuteleza ndiko kunakoichoma.

Weka spoketi ya meno 72. Uwiano unakuwa 6, mwendo wa juu unashuka hadi kama kilomita 37, lakini itaondoka kwa nguvu na hata kilima kitapandika. Meno 60 yanafaa kama unakimbia kwenye tambarare tu na dereva ni mwepesi.

Pima kwanza nafasi kati ya spoketi kubwa na ardhi, maana ikigusa jiwe cheni inaruka. Na tafadhali, breki ziwe tayari kabla hujaijaribu.