Kitufe cha 48V na Shure SM58
Unajiuliza kama kitufe cha 48V kwenye kadi ya sauti, kile kinachopeleka umeme wa volti 48 kwa maikrofoni za kondensa zinazouhitaji ili zifanye kazi, kitaiunguza SM58 yako, maikrofoni ya kuimbia isiyouhitaji? Hapana, mradi umeiunganisha kwa waya mzima wa XLR, ule wenye pini tatu. Umeme huo hufika kwa kiwango kilekile kwenye pini ya 2 na ya 3, huku pini ya 1 ikiwa ndiyo njia ya kurudia, hivyo kati ya ncha mbili za koili, yaani waya uliozungushwa ndani ya maikrofoni, hakuna tofauti ya volti na hakuna mkondo unaopita ndani yake. Kadi yangu ina kitufe kimoja kinachowasha matundu yote mawili, kwa hiyo SM58 ya kuimbia hupokea volti hizo kila ninaporekodi gitaa pembeni kwa maikrofoni ya kondensa, na sauti yake haijabadilika. Wa kuogopwa ni waya ambao pini zake zimegusana, au ule wa kuungaunga wenye jeki ya gitaa upande mmoja, hasa kwa maikrofoni za zamani zenye utepe mwembamba wa alumini, ambao unaweza kuvutika ukaharibika. Shusha spika kabla ya kubonyeza, maana ule mshindo wa "pu!" unaudhi.