Barua kwa mwanangu Somoe: jezi ya Kenya, pasipoti ya nyumbani

Mtwara, Novemba 2025

Mama yangu Somoe,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, mara ya mwisho nikiwa nimekaa juu ya magunia ya korosho nikisubiri zamu ya mzani. Umeniuliza: "Baba, Januari natimiza miezi 60 Nairobi. Kocha anasema naweza kuitwa timu ya taifa ya raga ya Kenya. Nikivaa jezi yao, nitakuwa nimewakana?" Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu wewe hulia upesi, nami husahau nusu ya niliyotaka kusema.

Kukana, hapana. Mtazame bibi yako uliyepewa jina lake. Alizaliwa Mueda, Msumbiji, akavuka mto Ruvuma baada ya mauaji ya Juni 1960, akanizaa mimi Newala. Sijawahi kumsikia akisema ameikana Mueda, na akikasirika mpaka leo hutukana kwa Kimakonde cha ng'ambo. Kanuni ya World Rugby, chama kinachosimamia raga duniani, nimeisoma: mtu huchezea nchi aliyozaliwa, au alikozaliwa mzazi wake, au bibi na babu yake, au nchi ambayo amesajiliwa kwenye raga yake peke yake miezi 60 mfululizo, au aliyoishi jumla ya miaka kumi. Kumbe hata Msumbiji wanakudai!

Zamani ilikuwa miezi 36. Wameongeza ili nchi zenye fedha zisiwachukue vijana wa watu na kuwageuza wao haraka haraka. Na hiyo miezi 60 ina masharti yake: usajili wako uwe Kenya tu, bila kukatika. Wewe 2022 bibi alipougua ulikaa huku karibu msimu mzima wa korosho. Usihesabu miezi kwa vidole. Viongozi wa klabu wakiulize chama chao, wapate jibu la maandishi kabla hujagusa jezi.

Umeniambia unacheza propu, pale mstari wa mbele wa skramu, timu mbili zinaposukumana kugombea mpira. Basi mtafute Tendai Mtawarira, yule waliyemwita Beast. Mzaliwa wa Harare huyo, akaichezea Afrika Kusini mechi 117 za kimataifa, na ya mwisho ilikuwa fainali ya Kombe la Dunia 2019 kule Yokohama, walipoifunga Uingereza 32 kwa 12. Watu hukumbuka kombe. Mimi nakumbuka 2010, alipokuwa tayari mchezaji mkubwa lakini bado ana pasipoti ya Zimbabwe, zikazuka kelele serikalini kwamba asiye raia asivae jezi ya taifa. Alipewa uraia mwaka huohuo, yakaisha. Lakini fikiria, mtu umevunjika mbavu kwa ajili ya nchi, kisha wanakaa mezani kujadili kama wewe ni wao. Mzimbabwe mwenzake, David Pocock, mzaliwa wa Gweru, aliichezea Australia mechi 78, na tangu 2022 ni seneta kulekule. Hakuna aliyemwita msaliti, au kama yupo, sauti haikufika Mtwara.

Sasa hapa ndipo roho yangu ilipo, nisikilize vizuri. Kuichezea Kenya raga ya wachezaji 15 hakuhitaji uwe raia wao. Ila raga ya wachezaji saba ina Olimpiki, ile ambayo wasichana wa Kenya walikwenda Rio na Tokyo, na Olimpiki hutaka uraia. Kenya wanaruhusu uraia wa nchi mbili. Tanzania hairuhusu kwa mtu mzima. Siku watakapokuwekea fomu mbele, ujue unachosaini si karatasi ya michezo. Shamba la Newala, mirathi, hata kuingia nchini kuja kunizika, vyote vitabadilika sura.

Usidhani natia chumvi. Ndugu zetu Wamakonde waliokwenda mashamba ya mkonge na miwa huko Kenya, watoto na wajukuu wao walizaliwa Kwale wakakua bila kitambulisho. Oktoba 2016 wakafunga safari ya miguu kwenda Nairobi kukidai, ndipo baadaye wakatambuliwa kuwa kabila la 43. Waliteseka vile kwa kukosa karatasi. Wewe unayo, usiibadilishe kwa medali. Jezi vaa, pasipoti niachie. Hayo ni yangu mimi, mama yako ana lake na atakupigia.

Nyuma nako hawajafunga mlango kabisa. Tangu 2022, aliyekwisha kuichezea nchi moja anaweza kuhamia mara moja tu kwenye nchi aliyozaliwa yeye, au mzazi wake, au bibi na babu yake, akikaa miaka mitatu bila mechi ya kimataifa. Tanzania itakuwepo.

Goti langu la kushoto unalijua. Nilicheza beki kwenye timu moja ya mpira hapa mkoani, nikaumia Jumapili, Jumatatu viongozi hawapokei simu. Ng'ombe wawili wa babu yako ndio waliolipa. Kwa hiyo uliza nani analipa hospitali kabla hujauliza posho. Na kichwa zaidi ya goti. Steve Thompson, Mwingereza aliyetwaa Kombe la Dunia 2003 akicheza mstari wa mbele kama wewe, alipata ugonjwa wa kusahau akiwa na miaka 42 tu, na amesema hakumbuki kushinda lile kombe. Ukigongwa ukaona nyota, toka uwanjani. Wakikuita mwoga, wape namba yangu.

Uhasibu wako umalizie, hilo hatujadili.

Nilimsomea bibi swali lako. Alinyamaza, akaendelea kumenya ming'oko, kisha akauliza, "Hao Wakenya watamlisha?" Nikamwambia kambini wanakula nyama kila siku. Akasema basi aende. Halafu akataka kujua kama mechi itakuwa usiku, maana simu yangu haikai na chaji, na yeye kwa jirani hataki kwenda kuangalia.

Baba yako