Zimamoto wa melini hasubiri moto

Mdogo wangu wa Kirumba, umeuliza kama kuzima moto kwenye meli za kivita ni kazi ya kukaa ukisubiri moto uwake. Thubutu! Siku nyingi utakagua mitungi, pampu, mipira ya maji, na raba za milango ya chuma kama bado zinabana. Raba ikipakwa rangi hukakamaa, maji yakapenya, utaikwangua wewe.

Huko majini hakuna gari la zimamoto la kuita, hivyo kila mwanamaji hufundishwa, hata mpishi. Wamarekani walijifunza kwa uchungu mwaka 1967 kwenye moto wa Forrestal, meli yao ya kubeba ndege za kivita: waliofunzwa waliuawa mapema bomu lilipolipuka, wengine wakamwaga maji yaliyoondoa povu la kuzimia moto lililofunika mafuta. Walikufa watu 134.

Ila ugumu wenyewe ni hesabu. Maji ya kuzimia moto yanabaki ndani, yanahamia upande mmoja, meli inalala. Meli kubwa ya Normandie ilipinduka hivyo New York mwaka 1942, moto ukiwa umeshadhibitiwa. Na sisi tunayo MV Bukoba, meli ya abiria ya Ziwa Victoria, 21 Mei 1996: ilipinduka ikaendelea kuelea kwa hewa iliyonaswa ndani, ilipotobolewa kuokoa watu, hewa ikatoka, ikazama. Ukiweza kueleza kwa nini, umeshaanza kozi.

Kwa hiyo usiache fizikia. Kuogelea pia, tena vizuri, si kule kujirusha kwa ufukweni. Nafasi za jeshi letu, JWTZ, hutangazwa rasmi. Anayetaka hela ili akuunganishe ni tapeli, mkimbie.